Mteja wa NFS anayetunga sifa za saraka asiyoiona

Wasomaji wangu, leo sina habari ya simu mpya wala ya programu ya bure. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe umo katika mstari mmoja tu:

dr-xr-xr-x 2 4294967294 4294967294 0 Jan 1 1970 picha

Huu ni mstari wa ls -l kwenye kompyuta ya Linux iliyounganishwa na seva ya NFS. Unasema kuna saraka iitwayo picha. Kila mtu anaweza kuisoma na kuingia, hakuna anayeweza kuandika. Mwenyewe ni mtumiaji nambari 4294967294, na kundi lake hivyo hivyo. Ukubwa ni sifuri. Mara ya mwisho iliguswa tarehe 1 Januari 1970. Ukitumia stat badala ya ls utapewa hata saa: 03:00 kwa saa za Nairobi. Yaani saa tisa usiku, Mzee Kenyatta akiwa rais, kuna mtu alikesha akitengeneza saraka ya picha za matangazo!

Katika yote hayo, la kweli ni jina, na kwamba kitu hicho ni saraka. Mengine hayakutoka kwa seva wala kwenye diski. Yametungwa na kerneli ya kompyuta yako, ikakupa kwa macho makavu.

Najua kuna watakaosema ni jambo dogo, na kwamba kila msimamizi wa Linux mwenye akili anajua kuupuuza mstari wa namna hiyo. Nitawajibu. Lakini kwanza tuelewane kinachotokea, maana wengi mnaosoma hapa hamjawahi kuigusa NFS.

NFS ni njia ya kuifanya diski ya seva ionekane kana kwamba iko ndani ya kompyuta yako. Kampuni ya Sun ndiyo iliyoianzisha mwaka 1984, na bado utaikuta kwenye maabara za vyuo, kwenye studio, na kwenye vile vyumba vya seva vyenye joto kule mjini. Toleo la nne lilitoka katika RFC 3010 Desemba 2000, likaandikwa upya katika RFC 3530 Aprili 2003, na tena katika RFC 7530 Machi 2015. Toleo hilo la nne ndilo lililotuletea kitu ninachokiita rufaa.

Neno hilo nimelichagua makusudi. Kila Mkenya anaijua barua ya rufaa. Unaenda zahanati ya karibu na nyumbani, daktari anaona shida yako imemzidi, anakuandikia barua uende Kenyatta. Barua inasema uende wapi. Haisemi kitanda chako kule ni nambari ngapi wala shuka ni za rangi gani, kwa sababu daktari aliyeiandika hajui na hajifanyi kujua.

Rufaa ya NFS ni hivyo hivyo. Tuseme seva ya kwanza iko katikati ya mji, Kimathi Street, na inatoa saraka iitwayo /miradi. Ndani yake palikuwa na picha, nazo zikajaza diski, zikahamishiwa seva ya pili iliyoko Kilimani. Msimamizi hataki kuzunguka kwenye kompyuta hamsini akibadilisha mipangilio ya kila moja. Anaandika mstari mmoja katika /etc/exports ya seva ya mjini:

/miradi/picha *(ro,refer=/data/picha@10.20.0.5)

Na kwa kuwa seva ya Linux inataka mahali hapo pawe pamepachikwa kitu, anaipachika saraka juu yake yenyewe kwa mount --bind. Basi, kazi imekwisha. Mtumiaji haambiwi lolote. Anaingia /miradi/picha kama jana, na kompyuta yake inakwenda yenyewe Kilimani. (Inafika haraka kuliko wewe uliyepanda 46 pale Kencom saa kumi na mbili jioni.) Ni kitu kizuri sana, na sitaki mtu aseme napinga rufaa zenyewe.

Sasa tazameni mazungumzo yalivyo chini chini. Programu inayoomba huduma huitwa mteja. Mteja anapofika picha na kuomba kitambulisho chake, seva ya mjini inamjibu kosa nambari 10019, NFS4ERR_MOVED: kimehama. Mteja anauliza kimehamia wapi. Seva inampa sifa iitwayo fs_locations, ambayo ni orodha ya seva na njia ya kufuata. Inaweza kumpa pia fsid, ili ajue amevuka mpaka wa mfumo mmoja wa faili kwenda mwingine, na mounted_on_fileid, ambayo ni nambari ya mahali pale kibao cha "tumehama" kilipogongwa. Anaposoma orodha nzima ya /miradi, mteja anaweza kuomba rdattr_error, ili kosa la picha liandikwe kwenye picha peke yake. Asipoiomba, orodha nzima inaweza kurudishwa na kosa kwa sababu ya huyo mmoja aliyehama.

Toleo la 4.1 limeongeza sifa nyingine mbili tatu za namna hiyo. Lakini mwenye saraka ni nani, ruhusa zake, ukubwa, tarehe? Hakuna. Mfumo huo wa faili haupo hapo, kwa hiyo sifa zake hazipo, na kanuni hazikumwachia mtu nafasi ya kubuni. Waliouandika mkataba huu walikuwa na adabu.

Hapa kwetu neno mteja lina maana nyingine pia. Ukiambiwa fulani "ni mteja", ujue simu yake haipatikani. Tumelitoa kwenye ile sauti ya Safaricom: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Sauti hiyo imetuudhi miaka mingi, lakini haijawahi kuongeza kwamba hapatikani ila ana umri wa miaka 55 na anaishi Kangemi. Mteja wa NFS wa Linux ndiye anayeongeza.

Msinichukulie neno langu. Kodi iko wazi, someni. Katika faili fs/nfs/nfs4proc.c kuna kazi iitwayo nfs_fixup_referral_attributes, na jina lenyewe linakiri kwamba hapa panafanywa marekebisho. Imekuwamo, kwa jina hili au linalokaribiana nalo, tangu rufaa zilipoingia kwenye Linux mwaka 2006. Inaangalia kama seva imetoa fsid, fs_locations na nambari ya mahali. Ikiona zipo, inaandika: hii ni saraka, ruhusa zake ni 0555, viungo vyake ni 2. Halafu inaziwekea alama kwamba ni sifa halali, kama vile zimetoka kwa seva. Mwenye saraka haandikwi, kwa hiyo inabaki ile thamani ya kuanzia, -2, ambayo kwa hesabu ya biti 32 zisizo na alama ya kutoa ndiyo hiyo 4294967294. Tarehe zinabaki sifuri, na sifuri ya Unix ni 1 Januari 1970. Hata kitambulisho cha faili kimefutwa chote kikawa sifuri.

Kwa hiyo inodi inazaliwa ikiwa na sura ya inodi nyingine yoyote, na ndani ni tupu. Ukijaribu kubadili sifa zake kabla haijapachikwa, kipande cha kodi kinachoilinda kinakukatalia kwa EACCES, hata kama wewe ni root. Angalau hapo kuna ukweli kidogo: huwezi kukirekebisha kitu ambacho hakipo.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloufanya uongo huu kuwa wa hatari. Uongo huu haudumu. Mtu akiingia ndani ya picha kwa cd, au akifungua faili iliyomo, kerneli inaipachika seva ya Kilimani papo hapo. Kuanzia hapo ls -l inakupa ukweli:

drwxrws--- 41 root wahariri 4096 Jun 14 18:22 picha

Tofauti kabisa! Nambari ya inodi ni nyingine, hata nambari ya kifaa ni nyingine. Kisha watu wakiondoka, kipachiko kinakaa bila kazi, na kerneli inakiondoa. Muda wa kawaida ni sekunde 500. Unaweza kuusoma katika /proc/sys/fs/nfs/nfs_mountpoint_timeout. Kwa jinsi usafi huo unavyofanywa kwa mizunguko, inachukua kati ya dakika nane na kumi na saba hivi. Baada ya hapo saraka inarudi 1970.

Swali lile lile, kwenye kompyuta ile ile, lina majibu mawili. Unalolipata linategemea kama kuna mtu aliyepita hapo robo saa iliyopita.

Nilisema nitawajibu wanaoona hili ni dogo. Kuna kampuni moja hapa Nairobi, sitaitaja, yenye ofisi mjini na studio Kilimani karibu na Yaya, na mpangilio wake ulikuwa kama huo niliouchora. Mimi nilikuwa naandika programu pale, sikuwa msimamizi wa seva. Kila usiku saa nane, kompyuta moja ya mjini ilikuwa ikinakili /miradi yote kwa rsync -a, ikiendeshwa na root. Siku moja diski ya Kilimani ilikufa. Hakuna aliyeogopa, nakala zilikuwapo. Wikendi wakazirudisha kwenye diski mpya.

Jumatatu asubuhi wahariri wanafungua picha za zamani bila shida, lakini hakuna anayeweza kuhifadhi kazi mpya ndani ya picha. Imekataliwa. Saraka ndogo zote zilizomo ni nzima, faili zote ni nzima, ila hiyo ya juu tu imefungwa na imepewa mwenyewe asiyejulikana. Ukiitazama unaona mkono wa mtu. Kompyuta haiwezi kuchagua saraka moja kati ya maelfu na kuiharibu kwa usafi namna hiyo, si ndiyo?

Na wiki ile kulikuwa na kijana wa chuo aliyekuwa amekuja kwa mafunzo ya kazi, akiwa amepewa nywila ya sudo. Mnajua kilichofuata. Aliulizwa kwa nini alibadilisha ruhusa. Akasema hakubadilisha. Akaulizwa basi ni nani. Akarudishwa nyumbani kabla ya muda wake kwisha, na kitabu chake cha mafunzo, kile ambacho chuo hakikupi alama bila sahihi ya kampuni, kikabaki kwenye meza ya mkubwa bila sahihi. Na ili kazi iendelee, kuna bwana mmoja aliandika chmod -R 777. Faili za wateja wote wa kampuni zikawa wazi kwa kila aliyekuwa kwenye mtandao ule, pamoja na zilizokuwa zimefichwa kwa sababu nzuri.

Nilipoombwa nitazame, nilifungua nakala za usiku mmoja baada ya mwingine. Usiku mmoja picha ni 0555 na 1970. Unaofuata pia. Wa tatu iko sawasawa, kundi ni wahariri, ruhusa zote zipo. Wa nne 1970 tena. Nikauliza usiku ule wa tatu kulikuwa na nini. Kulikuwa na mhariri mmoja ofisini mjini, tena kwenye kompyuta ile ile iliyofanya nakala, amekesha akimalizia tangazo hadi saa nane kasorobo. Yeye ndiye aliyeipachika Kilimani bila kujua, na kwa hiyo rsync ilipoamka ilikuta ukweli. Usiku mwingine iliuliza kwa lstat, na lstat ya saraka ya rufaa haianzishi upachikaji. Ikaandika sifa za bandia, kisha ikaingia ndani, upachikaji ukafanyika, faili zikanakiliwa salama. Ndiyo maana ndani palikuwa pazima na juu pameharibika.

Rsync haikukosea. Iliuliza, ikajibiwa. Kijana hakukosea. Msimamizi aliyeandika mstari wa rufaa aliufuata mwongozo. Aliyesema uongo ni mmoja, naye yuko fs/nfs.

Kitabu kilitiwa sahihi baada ya wiki tatu. Samahani hakuna aliyeisema.

Haya, sasa utetezi. Wa kwanza unasema kila ls -l ikipachika kila rufaa iliyo mbele yake, seva zitakufa. Saraka yenye rufaa 300 italeta vipachiko 300 kwa sababu mtu ametaka tu kuona majina. Hili nalikubali mia kwa mia. Nimeona mstari wa kwenda Kilimani ukiwa na wahariri sita tu na tayari unalia. Sitaki ls ipachike chochote. Lakini kutokwenda kumwona mgonjwa hakukupi ruhusa ya kumwandikia joto la mwili.

Wa pili una nguvu zaidi. Unasema muundo wa stat ni wa kale, hauna mahali pa kuandika "sijui". Una nafasi ya mwenyewe, ya ruhusa, ya tarehe, na lazima kila nafasi ijazwe. Ukirudisha kosa, ls itajaza skrini malalamiko, na programu nyingi zitavunjika. Basi bora 0555, ambayo angalau inamruhusu mtu kuingia, na akishaingia ataona ukweli. Mwaka 2006 ningenyamaza. Hakukuwa na njia nyingine ya maana.

Lakini mwaka 2017, Linux 4.11 ilileta statx. Na statx inayo njia ya kusema sijui! Inarudisha stx_mask, ambamo kila biti inasema kama sifa fulani imetolewa kweli. Mwongozo wake haufichi kitu: mfumo wa faili usipokuwa na sifa uliyoiomba, biti yake inafutwa hata kama uliiomba, na thamani ya bandia inaweza kuwekwa kwa ajili ya programu za kale. Ndiyo hali yetu, neno kwa neno. Hivyo vya kale vinapata 0555 yao, na vipya vinaambiwa ukweli.

Je, mteja wa NFS anafuata hilo? Katika kodi niliyoisoma mimi, njia inayopitiwa na saraka ya rufaa inanakili tu inodi ile iliyotungwa, na biti zote za msingi zinabaki zimewashwa. Yaani imepewa mdomo wa kusema sijui, na bado inaapa kwamba inajua. Kitu pekee cha kweli kinachotoka ni alama STATX_ATTR_AUTOMOUNT, inayosema hapa ni mahali pa kupachika. Nashukuru kwa hiyo. Lakini alama hiyo haikuambii kwamba mwenyewe na tarehe ni uongo; inakuachia ukisie.

Kuna wa tatu, wanaosema msimamizi aache rufaa, atumie autofs au viungo vya kawaida. Hao wanataka nirudi kuzunguka kwenye kompyuta hamsini. Sina la kuwaambia.

Kwa sasa, mwenye mpangilio kama huu aweke mstari huu juu ya hati yake ya nakala:

ls -d /miradi/*/. > /dev/null

Kile kinukta cha mwisho ndicho kinachofanya kazi. Kinailazimisha kerneli ipite ndani ya kila saraka, na kwa hiyo iipachike, kabla rsync haijauliza. Ni kiraka, na kinaleta ile dhoruba ya vipachiko, ila ni saa nane usiku na mara moja tu. Anayeandika programu yake mwenyewe afungue saraka kwanza kisha afanye fstat juu ya kilichofunguka, asiamini lstat ya kabla. Na mwenye nakala za zamani atafute saraka zenye tarehe ya 1970 leo, kabla diski haijafa.

Lakini tiba si kazi ya waandishi wa hati. Mahali pake ni nfs_namespace_getattr, katika fs/nfs/namespace.c. Pale ambapo kitambulisho cha faili ni tupu, zifutwe biti za mwenyewe, kundi, ruhusa, ukubwa na tarehe, iachwe ya aina ya faili na ya nambari ya inodi. Nimehesabu, haifiki mistari kumi.